Mashamba Mawili Yasiyofungika

Nilipelekwa Kisii miaka ya tisini ikielekea kwisha, muda mfupi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Kwetu ni Mombasa, na ndugu zangu walidhani ninakimbia maneno ya watu. Hawakukosea sana. Mradi niliokuwa nikifanyia kazi ulitaka mtu wa kompyuta akae huko juu kwa muda, na wenzangu wa ofisi ya Nairobi kila mmoja alikuwa na sababu ya kutokwenda. Mimi sikuwa nayo. Niliinua mkono kabla msimamizi hajamaliza kusema.

Tulikuwa twende wawili. Mwenzangu akapata kazi ya benki siku chache kabla ya safari, nikaenda peke yangu, na kompyuta imefungwa blanketi ubavuni mwangu kama mgonjwa.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kuchora mashamba ya chai ya Kisii na Nyamira na kuyaweka ndani ya kompyuta. Wakubwa walitaka siku moja waweze kuuliza chai iko wapi, ni ya nani, lori la kukusanya majani lipite njia gani, na wapate jibu bila kufunua karatasi hata moja. Nilipangishiwa chumba mjini, juu ya duka la vitambaa na sare za shule. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, mjane, ambaye wanawe walikuwa wamehamia Uingereza mmoja baada ya mwingine. Simu ya pekee katika jengo lile ilikuwa kwake, juu ya meza ya kukatia nguo. Nairobi wakipiga, aligonga dari kwa mpini wa fagio, nami nikashuka mbio. Kila neno nililozungumza na wakubwa wangu alilisikia, maana hakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Siku zangu zilikuwa hivi. Asubuhi harufu ya udi wake ilipanda ngazi, nikaamka. Nikafanya kazi mpaka saa nane, saa tisa, mawingu yalipokusanyika juu ya milima na radi kuanza. Hapo nilizima mashine na kuchomoa waya, kwa sababu radi ya Kisii haina mzaha, nikakaa dirishani nikitazama mvua ya mawe ikigonga mabati ya watu. Jioni nilishuka sokoni kununua ndizi na mboga. Akina mama wa sokoni walinisemesha Kiswahili kwa heshima, wakacheka wakisema naongea kama redio. Nikisogea hatua mbili tu, Kiswahili kilikwisha, mazungumzo yakarudi kwenye Ekegusii, nami nikawa mtu aliyesimama katikati ya watu wanaocheka jambo asilolijua. Hawakunitenga. Ile ilikuwa lugha yao na pale palikuwa kwao. Lakini kuna Jumapili nilizomaliza bila kufungua kinywa isipokuwa kwa kusali.

Mtu niliyezungumza naye kazi alikuwa mpima ardhi wa mradi, baba wa makamo, mwenyeji wa Suneka. Yeye na vijana wake walizunguka mashamba kwa miguu, mpaka kwa mpaka, na kila Ijumaa akaniletea vipimo. Kila pembe ya shamba ilikuwa na nambari mbili, moja ya kwenda mashariki, nyingine ya kwenda kaskazini. Mimi niliziandika kwanza kwa maandishi ya kawaida: jina la umbo, mabano, halafu nambari mbili mbili zikitenganishwa na koma, mpaka kurudi kwenye pembe ya kwanza. Sheria ilikuwa hiyo. Shamba huanzia mahali, na lazima liishie papo hapo.

Kisha programu niliyoiandika mwenyewe iliyageuza maandishi yale kuwa sufuri na moja. Baiti ya kwanza, yaani kikundi cha tarakimu nane, ilisema nambari zisomwe kuanzia upande gani. Zilizofuata zilisema hili ni umbo la aina gani, lina mizunguko mingapi, mzunguko una pembe ngapi. Halafu zikaja pembe zenyewe, kila nambari imepewa baiti nane, haizidi haipungui. Fungu lile zima likaingia katika safu moja ya jedwali la SQL, yaani ghala la data, pembeni mwa namba ya shamba. Maandishi yalikula nafasi na kumega desimali. Yale mafungu yalikuwa madogo, kamili, na mashine iliyasoma upesi. Kwa kompyuta ilikuwa faida tupu.

Kwangu mimi haikuwa hivyo. Shamba likiwa bado maandishi, niliweza kulisoma. Niliona hili refu linashuka mtoni, hili jembamba ndugu wamegawana mara tatu. Likishageuzwa, nikifungua safu ile kutazama, niliona alama za ovyo zisizosomeka, kama mtu aliyeangukia kibodi. Shamba la mtu, na jasho lake, lilikuwa limeingia mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Nilikuwa nikikaa kidogo baada ya kila moja. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Programu ile ilikataa umbo lolote ambalo pembe yake ya mwisho hailingani na ya kwanza. Mara nyingi kosa lilikuwa la vidole vyangu. Lakini Ijumaa moja mpima ardhi aliniletea mashamba ya Nyansiongo, na mawili yakakataa kabisa. Nikayaandika upya. Yakakataa. Nikachukua karatasi ya miraba na penseli, nikayachora kwa mkono, na hapo nikaona kitu. Yalikuwa mashamba jirani. Moja lilikuwa limezungukwa pande tatu na kubaki wazi upande wa mashariki. La pili lilikuwa wazi upande wa magharibi. Yalitazamana kwa ule upande wazi, na kati yake palikuwa na ukanda wa ardhi ambao hakuna aliyeupima.

Nilimwonyesha mpima ardhi. Aliitazama karatasi, akavua kofia.

"Hapo, madam, palitushinda," alisema.

Akanieleza. Yalikuwa mashamba ya wake wawili wa mume mmoja. Mzee yule alipata ardhi Nyansiongo baada ya wazungu kuondoka na mashamba yao makubwa kugawiwa watu. Akawaweka wake zake pamoja, mkubwa upande mmoja, mdogo upande wa pili, kila mmoja na chai yake na namba yake ya kupeleka majani. Hakuweka mpaka kati yao. Alipofariki alizikwa baina ya nyumba zile mbili, na tangu siku ya mazishi wake zake hawakuwa wamesemezana. Mkubwa alidai mpaka upite ng'ambo ya kaburi, ili mume abaki kwake. Mdogo alidai hivyo hivyo kwa upande wake. Vijana wa kupima walipofika pale, mama mkubwa alikaa chini nyasini mbele yao na kunyoosha miguu. Wakakunja kamba zao wakaondoka.

Jumatatu fagio likagonga dari. Msimamizi alitaka kujua kwa nini Nyansiongo haijafika. Nilimweleza kuna mashamba mawili hayafungi.

"Yafunge wewe," alisema. "Chukua pembe ya kwanza, irudie mwishoni. Mashine itakubali."

Nilipanda juu nikafanya alivyosema. Mashine ilikubali mara moja. Maumbo mawili yakageuzwa, yakaingia kwenye jedwali bila neno, mazuri kama mengine yote. Halafu nikaichora mistari ile mipya kwenye karatasi yangu. Kila shamba lilijifunga kivyake, na ukanda wa katikati ukabaki nje ya yote mawili. Haukuwa wa mkubwa wala wa mdogo. Kaburi, popote lilipokuwa, lilikuwa humo. Kwa hesabu ya kompyuta mzee yule alikuwa amezikwa mahali pasipo na mwenyewe.

Niliifuta ile mistari na kuyaondoa maumbo yale mawili kwenye jedwali. Sitasema ni ujasiri. Nilikuwa nimechoka na chumba kile, na nilitaka kuona watu.

Tulikwenda na mpima ardhi kwa gari la mradi. Nyansiongo si kama milima ya Kisii ambako nyumba zimepandiana mabega. Huko ardhi inafunguka: mahindi, ng'ombe wa maziwa, chai imekatwa sawasawa, na miti mirefu ya wazungu imepangwa kama ua. Kuna baridi na upepo. Mama mkubwa alitupokea uani, akatutolea vigoda na chai yenye maziwa mengi. Nilijaribu kumwamkia kwa Ekegusii, "Bwakire buya," naye akanishika mkono muda mrefu akijibu maneno ambayo sikuyajua. Kisha akamgeukia mpima ardhi, wakazungumza huku akinitazama.

Nilimuuliza mpima ardhi anasemaje. Alisema ameulizwa kama nina mume na watoto, naye amejibu kwamba niko na mume Mombasa. Alikuwa ananistahi. Lakini nilikuwa nimechoshwa na kustahiwa.

"Sina mume, mama," nilimwambia mwenyewe. "Aliniacha."

Alikifahamu Kiswahili kuliko nilivyodhani.

"Mimi hakuniacha," akasema. "Aliniletea mwenzangu."

Akatupeleka kaburini. Halikuwa na saruji wala msalaba. Lilikuwa tuta la udongo na nyasi, na maua mekundu yamepandwa kichwani. Nyasi zilikuwa zimefyekwa vizuri pande zote mbili. Mpima ardhi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mkubwa hufyeka upande wake asubuhi, mwenzake akiwa kwenye chai, na mdogo hufyeka wake jioni, mkubwa akiwa jikoni. Hakuna aliyewahi kuwakuta hapo pamoja. Ikiwa kuna jambo la lazima, kama ng'ombe ameingia shambani au kuna mgonjwa, mmoja husimama uani kwake na kumsemesha ng'ombe wake kwa sauti, na mwingine akasikia. Mpima ardhi alicheka kidogo aliponieleza hilo. Mimi sikuweza. Nilikuwa na miezi mingi ya kuzungumza na kompyuta.

Mama mdogo alikuwa ametoka nje ya nyumba yake. Alisimama mbali, mikono kifuani, akitutazama. Naye alikuwa mzee. Udogo wake ulikuwa wa cheo tu.

Nilikuwa na ile karatasi ya miraba. Niliikunjua juu ya goti nikaitazama upya nikiwa pale pale, upepo ukiipigapiga. Nilikuwa nimeyatazama maumbo yale siku zote kama mambo mawili yaliyoharibika. Sasa niliona kwamba ukifuata ukingo wa nje, kuanzia barabarani kwa mama mkubwa, ukashuka mtoni, ukavuka chini ya ukanda, ukapanda kwa mama mdogo na kurudi barabarani, umbo linajifunga lenyewe. Kilichokosekana kilikuwa vipande viwili vifupi tu, kimoja juu na kimoja chini. Mstari wa katikati, uliowagombanisha, umbo halikuuhitaji.

Nilimuuliza mpima ardhi kama ni lazima kuwe na mpaka kati yao. Alisema kwa hati ya shamba, siku ya kugawana urithi, watalazimika kuutafuta. Kwa ramani ya chai si lazima. Jedwali la wakulima lilikuwa mbali na jedwali la maumbo. Ningeweza kuacha wanawake wawili, kila mmoja na namba yake, waelekezwe kwenye umbo moja.

Alimweleza mama mkubwa. Mama akaniuliza mimi, si yeye:

"Hiyo mashine itaandika shamba ni ya nani?"

"Lenu nyote wawili, mama."

"Na kaburi?"

"Liko ndani."

Aliinama akang'oa gugu moja kaburini. Halafu akasema mume wake mwenyewe hakukata shamba, na kama yeye hakukata, nani mwingine akate. Mpima ardhi akavuka kwenda kwa mama mdogo. Niliwaona wakizungumza, mama akitikisa kichwa, kisha akikubali, kisha akitikisa tena. Mwishowe walikuja wote mpaka karibu na kaburi, mama mdogo akabaki upande wake. Alisema sentensi moja. Mpima ardhi akanitafsiria kwamba ni heri mpaka usiwepo kuliko uwepo halafu uwe mbaya.

Tulipima vile vipande viwili siku hiyo hiyo. Wanawake walifuata, mmoja kila upande, mpaka barabarani, kisha mteremko mzima hadi mtoni, ambako njia ni nyembamba na ilibidi wapite mmoja nyuma ya mwingine. Nilikuwa nyuma yao. Nakiri nilitarajia kitu. Nilidhani pale mtoni mmoja atasema neno, hata la kulalamikia matope. Hakuna aliyesema. Vipimo vilipokwisha mama mdogo alituaga kwa kichwa akapanda kwake, na mkubwa akapanda kwake, na tulipowasha gari moshi ulikuwa unatoka katika majiko mawili.

Usiku ulitukuta tumesharudi mjini. Asubuhi niliandika mzunguko mpya kuanzia barabarani hadi kurudi barabarani. Ukafunga. Programu ikaugeuza: baiti ya upande wa kusoma, aina ya umbo, mzunguko mmoja, idadi ya pembe, pembe zote. Safari hii nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa shamba lolote. Nililirudisha fungu lile kutoka sufuri na moja kuwa maandishi, nikalisoma pembe kwa pembe nikilinganisha na karatasi. Hakuna desimali iliyopotea. Nikaenda kwenye jedwali la wakulima nikaelekeza majina mawili kwenye umbo lile moja.

Nairobi hawakufurahi. Fagio liligonga dari, nikashuka.

"Huyu ni mkulima mmoja au wawili?" msimamizi aliuliza.

"Wawili."

"Na mashamba?"

"Moja."

Alinikumbusha kwamba wafadhili waliahidiwa kila mkulima na umbo lake. Nikamweleza habari ya kaburi, wake wawili, na ule ukanda ambao ungebaki bila mtu. Kisha akasema mimi ndiye niliyetumwa huko, kama nimeona hivyo basi iwe hivyo, ila disketi ziondoke na basi la jioni.

Nilipoweka simu, mama mwenye duka alikuwa amesimama na mkasi mkononi, kitambaa cha kijani cha sare mbele yake hakijakatwa.

"Mtu ya Nairobi hapana jua kaburi," alisema.

Nilimwambia labda anajua, ana kazi nyingi tu. Hakunisikiliza. Alisema mume wake alichomwa kwa desturi yao, na majivu wanawe wakayatia mtoni kabla ya kurudi Uingereza. "Ile mama mbili iko bahati," akasema. "Iko mahali ya kugombana. Mimi nenda kaa wapi?"

Alinikaribisha chai, nyuma ya pazia ambako sikuwa nimewahi kuingia, na hapo ndipo nilipoona picha za wajukuu wake ambao hakuwa amewahi kuwashika. Alitaja majina yao, akayarudia ili nami niyajue. Radi ilipoanza nilikumbuka kompyuta iko wazi juu. Nilimwacha na vikombe. Sikupata nafasi ya kurudi mara nyingi kama nilivyokusudia, na yeye hakuwa mtu wa kuita mara mbili.

Mradi ulikwisha kabla mwaka haujageuka. Mpima ardhi alipata kazi upande wa Kenyenya, akaja kuniaga na mkungu wa ndizi ambao sikuwa na mtu wa kula naye. Nilifunga kompyuta kwa blanketi lile lile nikarudi Nairobi.

Ofisini walikuwa wamenunua mashine kubwa yenye kioo kipana, na kijana mpya wa kuitumia. Siku moja nilimwomba anifungulie Nyansiongo. Alibonyeza, tukangoja, na mafungu yale yasiyosomeka yakajichora yenyewe: mistari ya kijani, mamia ya mashamba, barabara, mto. Nikamwomba asogeze karibu zaidi, kidogo kushoto.

"Unatafuta shamba gani?" aliuliza.

Nilimwonyesha kwa kidole. Lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyolizunguka, limefunga vizuri, na ndani yake palikuwa peupe, hapana mstari.

"Huyu ni tajiri," alisema.

Nilimwambia ndiyo, ni kubwa. Akalifunga, akafungua ramani nyingine.